Hukumu ya Kutengeneza Mandhari Ndogo Nyumbani na Faida Yake Katika Kuifahamu Sira

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeisimamisha milima na kuiotesha miti. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya haya:

Miongoni mwa mambo ya kujiburudisha yaliyoenea duniani hivi leo ni kutengeneza mandhari ndogo. Mtu hukaa nyumbani kwake akaunda juu ya ubao mlima, bonde, mto, miti, mawe na nyumba, vyote vikiwa vidogo kwa kipimo maalumu, hata mwenye kutazama huona kana kwamba anachungulia nchi nzima kutoka angani. Wako wanaofanya hivyo ili kupitisha treni za kuchezea, wako wanaofanya kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, na wako wasiotaka zaidi ya furaha ya kuona mlima ukitoka katika mikono yao wenyewe. Kijana wa Kiislamu, hasa anayeishi Ulaya au Marekani, hukutana na uraibu huu shuleni na madukani, kisha huuleta nyumbani.

Hapo ndipo swali linapozuka. Mzazi anaingia chumbani, anaukuta mlima juu ya meza, na anajiuliza: Je, hii siyo taswira iliyokatazwa? Aivunje au aiache? Na imamu wa msikiti akiulizwa baada ya sala, hana budi kujibu. Jibu la haraka lina hatari pande zote mbili. Akisema ni haramu pasina dalili, huwa amejiweka chini ya onyo la aya ya 116 ya Suratun Nahl, ambamo Mwenyezi Mungu anawakataza watu kuzungumza kwa ndimi zao tu kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu. Na akisema ni halali moja kwa moja bila ya kutofautisha, huenda akaufungua mlango wa mambo yaliyomo ndani ya uraibu huo ambayo sharia haikuyanyamazia.

Katika makala haya tutajaribu, inshaallah, kubainisha asili ya kazi hii, dalili zinazoihusu, yale ambayo umma huu umeyafanya katika historia yake, namna ya kuifanya nyumbani kwa vitu vya kawaida, faida yake katika kusomesha Sira, na mwishowe mipaka ambayo Mwislamu hafai kuivuka.

ASILI YA KAZI HII

Kuijua asili ya jambo ni katika kulihukumu kwa uadilifu, kwani wanavyuoni wamesema kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukielewa kitu chenyewe. Kazi hii haikuanza kama mchezo. Mnamo mwaka 1668, katika utawala wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, waziri wake wa vita, Louvois, aliamuru kutengenezwa mifano ya miji yenye ngome pamoja na ardhi iliyoizunguka, ili mfalme na makamanda wake waweze kuitazama nchi bila ya kusafiri. Mingi kati ya mifano hiyo ilifanywa kwa skeli ya 1:600, yaani mita 600 za ardhi zilikuwa mita 1 ya ubao. Baadhi yake ingali inaonyeshwa mjini Paris, katika jengo la Invalides.

Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa na kupanguliwa, ili maofisa wajizoeze kufikiri juu ya vita kabla ya kuviingia. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kucheza na askari wa kuchezea sakafuni nyumbani. Kutokana na njia kama hizi, na kutokana na treni za kuchezea, elimu iliyokuwa ya makamanda ikaingia majumbani.

Kwa hiyo, asili ya jambo hili ni elimu ya kuisoma ardhi, wala si ibada ya watu wa dini nyingine wala alama ya imani yao. Na kanuni mashuhuri ya kifiqhi inasema kuwa asili katika mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Wala haitoshi kusema kwamba jambo limetoka kwa wasiokuwa Waislamu. Handaki lililochimbwa Madina mwaka wa 5 Hijria lilikuwa mbinu ya Wafursi iliyopendekezwa na Salman al-Farisi (r.a.), na Mtume (s.a.w.) aliikubali na akachimba kwa mikono yake mitukufu.

DALILI KUHUSU TASWIRA

Hadithi zilizopokewa katika kukemea taswira ni nyingi na ni sahihi, na haifai kwa Mwislamu kuzichukulia wepesi. Ila ni wajibu kuzisoma zote kwa pamoja, ili ijulikane ni kitu gani hasa kilichokatazwa.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.), akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamjulisha aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kutengeneza picha ataadhibiwa mpaka aipulizie roho, naye hatoweza kamwe. Mtu yule akashikwa na hofu kubwa, uso wake ukageuka rangi. Ibn Abbas alipoiona hali yake akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi ila kuendelea na kazi hiyo, basi atengeneze miti na kila kitu kisichokuwa na roho.

Ndugu msomaji, izingatie fatwa hii. Sahaba huyu hakumfungia muulizaji mlango akamwacha na hofu yake. Alimkataza alichokatazwa na papo hapo akamwonyesha uwanja mpana alioachiwa. Na uwanja huo, wa miti na visivyokuwa na roho, ndio hasa unaofanyiwa kazi na mwenye kutengeneza mandhari ndogo.

Inaungwa mkono na hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ambamo Jibril (a.s.) alimwelekeza Mtume (s.a.w.) kuamrisha kichwa cha sanamu lililokuwa mlangoni kikatwe, ili libaki katika umbo la mti. Lau umbo la mti lingekuwa limekatazwa, lisingefanywa kuwa ndiyo suluhisho.

Kwa msingi huu, jamhuri ya wanavyuoni wamesema kwamba kutengeneza umbo la mti, mlima, jiwe, mto au jengo hakuna makatazo. Imam Nawawi, katika sharhe yake ya Sahih Muslim, amelieleza jambo hili na akataja kwamba aliyekwenda kinyume ni Mujahid, ambaye aliona karaha kutengeneza umbo la mti wenye kuzaa matunda. Hoja ya Mujahid ni Hadithi Qudsi inayomkemea anayekwenda kuumba mfano wa uumbaji wa Mwenyezi Mungu, ambamo wametakiwa waumbe, kama wanaweza, hata punje moja ya nafaka. Punje ni mmea, na kwa hiyo akaona mmea nao umeingia. Jamhuri wamejibu kwa maelezo ya Ibn Abbas tuliyoyataja, na kwa hadithi inayosema kuwa watengenezaji wataambiwa wavipe uhai walivyovitengeneza, jambo linaloonyesha kuwa makusudio ni vyenye roho.

Hata hivyo, kauli ya Mujahid ina adabu ndani yake ambayo fundi anapaswa kuichukua. Mti wa waya na sponji haushindani na mti wa Mwenyezi Mungu, na anayeunda mlima wa sentimita 5 siku nzima ana nafasi ya kumtukuza Aliyeiweka milima yenyewe kuwa vigingi.

WATU NA WANYAMA WADOGO

Mas'ala hubadilika pale mtengenezaji anapotaka kuijaza mandhari yake watu, farasi na ngamia. Hapa hatuzungumzii tena miti. Umbo kamili la kiumbe chenye roho, lenye kiwiliwili na kivuli, ndilo lililokatazwa kwa kauli ya jamhuri ya mafakihi.

Ni kweli kwamba kuna ruhusa kuhusu vya kuchezea watoto. Imethibiti kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere aliowachezea, na Abu Dawud amepokea kuwa miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza habari yake, alimjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman (a.s.), naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Vilevile Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) ameeleza kuwa walikuwa wakiwatengenezea watoto vitu vya kuchezea vya sufi ili kuwapumbaza na njaa siku ya funga ya Ashura. Wengi wa wanavyuoni wamezichukua hadithi hizi kuwa ni ruhusa maalumu kwa watoto, na baadhi wamesema kwamba ruhusa hiyo ilifutwa.

Mtu mzima anayekusanya askari wadogo na kuwapaka rangi kwa uangalifu hawezi kwa urahisi kuiegemea ruhusa iliyotolewa kwa mtoto. Wala haimtoshi kusema kuwa askari wake ni wadogo mno. Kweli, wanavyuoni wa Kihanafi wameeleza kwamba picha ndogo ambayo viungo vyake havibainiki kwa aliyesimama haileti karaha katika sala, lakini hayo ni maneno juu ya kusali mahali ilipo, nayo ni tofauti na hukumu ya kuitengeneza.

Njia iliyo salama ni nyepesi. Mandhari haihitaji watu ili ieleweke. Bendera ndogo ya karatasi juu ya pini huonyesha mahali pa jeshi, kamba ya rangi huonyesha njia ya msafara, na jiwe jeupe huonyesha kisima. Na katika mandhari ya Sira jambo hili si la hiari: haifai kabisa kumwekea umbo Mtume (s.a.w.), wala kuwawekea Masahaba wake (r.a.) vinyago vya plastiki vilivyonunuliwa dukani.

UMMA HUU NA MANDHARI ISIYO NA VIUMBE

Msomaji asidhani kwamba kuonyesha nchi bila ya kuonyesha viumbe ni jambo geni. Historia yetu ina ushahidi wa wazi.

Kubba ya Mwamba (Qubbatus Sakhra) mjini Quds, iliyojengwa na Khalifa Abdul Malik bin Marwan na ambayo maandishi yake yana tarehe ya mwaka 72 Hijria (691-692 Miladia), imepambwa ndani kwa vipande vidogo vya mawe na vioo vinavyounda miti, mizabibu na vito, pasina umbo la mtu wala mnyama. Mwanawe, Khalifa al-Walid aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria (705-715), alipoujenga Msikiti Mkuu wa Damascus aliufunika kwa picha za mito, miti mikubwa, majumba na vijiji, na humo nako hakuna kiumbe chenye roho. Mwanajiografia al-Maqdisi, aliyeandika katika karne ya 4 Hijria, alistaajabu kwamba ni nadra kuutaja mti au mji mashuhuri ambao haukuonyeshwa katika kuta hizo. Moto wa mwaka 1893 uliuharibu sana msikiti huo, lakini sehemu ya picha zenyewe ingali ikionekana katika ukumbi wa magharibi wa uwanja wake.

Tunajua kwamba wapo wanavyuoni waliochukia kuipamba misikiti, kwa kuwa mapambo humshughulisha mwenye kusali. Hatuitaji mifano hii ili kuwatetea waliopamba. Tunaitaja ili ionekane kuwa hata walipopamba waliutambua mpaka kati ya chenye roho na kisichokuwa nayo.

Katika dola ya Uthmania, Matrakçı Nasuh aliandamana na jeshi la Sultan Suleiman kwenda Iraq na Tabriz kati ya mwaka 1533 na 1536, kisha akaandika kitabu chenye picha za miji na vituo vya safari hiyo: ngome, madaraja, mito, milima, kila mji na sura yake, bila ya mtu ndani yake. Na katika sherehe za mwaka 1582 mjini Istanbul, mafundi wa ujenzi walipita mbele ya Sultan Murad wa 3 wakiwa wamebeba mfano mdogo wa Msikiti wa Suleimaniya. Leo hii, katika jumba la makumbusho la Dar al-Madinah mjini Madina, mgeni huonyeshwa mifano ya Msikiti wa Mtume na ya mji wenyewe, ili afahamu ulivyokuwa.

NAMNA YA KUTENGENEZA NYUMBANI

Anayetaka kuijaribu kazi hii hahitaji kununua vifaa vya bei kubwa. Hatua zake ni hizi:

1. Ubao na skeli. Chukua kipande cha plaiwudi au katoni ngumu mbili zilizogandishwa pamoja. Kisha amua skeli kabla ya yote. Skeli ya 1:10,000 ina maana kuwa sentimita 1 ya ubao ni mita 100 za ardhi, hivyo kilomita 7 zitachukua sentimita 70. Chora kwanza kwa penseli mito, njia na mipaka ya milima ukifuata ramani.

2. Kuinua ardhi. Kata tabaka za katoni, au za lile povu jeupe linalofungiwa televisheni na friji, uzipandanishe moja juu ya nyingine kama ngazi, kila ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini yake, huku ukizigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Povu likatwe kwa kisu kikali, na kwa mtoto kazi hiyo ifanywe na mkubwa. Lisichomwe kwa waya wa moto ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una madhara.

3. Kuifunika. Loweka vipande vya karatasi katika gundi iliyotiwa maji, uvitandaze juu ya ngazi hizo tabaka mbili au tatu, uziache zikauke usiku kucha. Hapa kuna tahadhari ambayo vitabu vya mafundi wa Ulaya havitoikutajia: usitumie magazeti kabla ya kuyakagua. Magazeti na majarida yetu huwa na aya za Qur'ani, majina ya Mwenyezi Mungu na hadithi za Mtume (s.a.w.), na haifai kuyachana na kuyabandika kama takataka. Karatasi za katoni na za mifuko zinatosha.

4. Sura ya ardhi. Pakaa gundi kisha nyunyizia mchanga uliochekechwa kwa ajili ya jangwa, changarawe kwa ajili ya mawe, na unga wa mbao uliotiwa rangi kwa ajili ya majani. Jiwe dogo la kweli huonekana kama jabali likiwekwa mahali pake. Ngozi ya mlima ikihitajika kuwa na makunyanzi, plasta ya jasi iliyokorogwa nzito hupakwa na kuchorwachorwa kwa kijiti kabla ya kukauka.

5. Rangi. Anza kwa rangi nzito, ikikauka pitisha juu yake brashi iliyo karibu kuwa kavu yenye rangi nyepesi. Brashi hiyo itashika migongo tu na kuyaacha mabonde na giza lake, na hapo mlima ndipo utakapopata uhai machoni.

6. Miti. Sokota nyuzi za waya mwembamba uwe shina, fungua ncha zake ziwe matawi, bandika sponji iliyokatwakatwa. Kwa mtende, vipande vya nyuzi za katani vilivyopakwa kijani hufaa zaidi.

MFANO WA UHUD

Qur'ani yenyewe imeiingiza ardhi katika kusimulia matukio. Katika aya ya 42 ya Suratul Anfal, Mwenyezi Mungu anaeleza siku ya Badri kwa kutaja kwamba Waislamu walikuwa katika ng'ambo ya bonde iliyo karibu, maadui katika ng'ambo ya mbali, na msafara chini yao. Asiyejua sura ya bonde hilo husoma maneno haya akapita. Mtume (s.a.w.) naye alifundisha kwa kuchora: Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa alichora mraba na mistari kubainisha mtu, ajali yake inayomzunguka na matumaini yake yanayoivuka. Basi kumwekea mwanafunzi kitu cha kuonekana ili afahamu kisichoonekana ni katika malezi bora.

Tuchukue Vita vya Uhud, vilivyotokea mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia). Kila mtoto wa madrasa huambiwa kuwa wapiga mishale waliondoka mahali pao na Waislamu wakapata msiba. Lakini ni wangapi wanaofahamu kwa nini kilima kimoja kidogo kiliamua mambo makubwa namna hiyo?

Weka ubao mbele yao. Mlima wa Uhud uko kaskazini ya Madina, umetanda kiasi cha kilomita 7. Mtume (s.a.w.) aliwapanga watu wake, waliobaki kama 700 baada ya Abdallah bin Ubayy kurudi na kundi lake, migongo yao ikielekea Uhud na nyuso zao Madina. Maquraishi walikuwa kama 3,000 na walikuwa na wapandafarasi. Mlima ukazuia kushambuliwa kwa nyuma. Ikabaki nafasi moja ya ubavuni ambamo farasi wangeweza kupita, na penye nafasi hiyo kuna kilima ambacho leo huitwa Jabal Rumat, Mlima wa Wapiga Mishale. Hapo akawaweka watu 50 chini ya Abdallah bin Jubayr (r.a.), akawaamuru wasiondoke mahali pao mpaka awatumie mjumbe, iwe Waislamu wameshinda au wameshindwa.

Sasa mwambie mwanafunzi aondoe bendera juu ya kilima hicho, kisha apitishe kidole chake kutoka upande wa wapandafarasi wa Khalid bin al-Walid, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Kidole kitakwenda moja kwa moja mpaka migongoni mwa Waislamu bila ya kizuizi. Ataona kwa macho yake kwamba waliobaki na Abdallah bin Jubayr, kiasi cha watu 10, wasingeweza kuuziba mlango uliokuwa ukizibwa na 50. Mashahidi 70 wa siku ile, akiwemo Hamza (r.a.), hawatokuwa tena hesabu ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Na aya ya 152 ya Suratu Aali Imran, inayotaja kulegea, kuzozana na kuasi baada ya kuonyeshwa waliyoyapenda, itamfikia akiwa anaujua mlango uliofunguka.

Hali ni hiyo hiyo kwa Vita vya Handaki vya mwaka wa 5 Hijria (627). Wanafunzi huuliza: handaki liliwezaje kuuzunguka mji mzima? Ubao hujibu. Mashariki na magharibi ya Madina kuna harra, yaani ardhi ya mawe meusi ya volkano yasiyopitika na jeshi la farasi, na upande wa kusini ulisongamana kwa mitende na majumba. Kaskazini ndiko kulikokuwa wazi, na huko ndiko lilikochimbwa, Waislamu kama 3,000 wakiwa na Mlima Sal' nyuma yao, mbele ya maadui kama 10,000. Handaki hilo halionekani tena, na eneo lake limefunikwa na mji. Mwenye kwenda ziara leo huona barabara na majengo, na asiyekwenda haoni chochote. Ubao wa madrasa unaweza kuwarejeshea wote wawili sehemu ya yaliyopotea.

AMANA YA MTENGENEZAJI

Hapa kuna jambo ambalo halina budi kutajwa. Kwa skeli ya 1:10,000, kilele cha Uhud kitakuwa na kimo cha sentimita chache tu, na Jabal Rumat haitofikia hata nusu sentimita. Kwa hiyo mafundi hukikuza kimo mara mbili au tatu kuliko upana, ili jicho lione. Hili linafaa, kwa sharti kwamba liandikwe pembeni ya ubao: kimo kimekuzwa kiasi kadhaa. Vivyo hivyo, panapokuwa na ikhtilafu ya wanahistoria kuhusu mahali fulani, iandikwe kuwa mahali hapa panakadiriwa. Mwenye kuunda mandhari ya Sira anasimulia habari za Mtume (s.a.w.) kwa gundi na mchanga, na kusimulia ni amana kwa chombo chochote kile.

MIPAKA YA KUCHUNGWA

Kutokana na yaliyotangulia, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mandhari isiwekwe vinyago vya viumbe wenye roho, kama tulivyoeleza.

2. Vifurushi vinavyouzwa tayari vikaguliwe. Baadhi huja na misalaba, mahekalu na masanamu ya miungu. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akiacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila alikivunja.

3. Hukumu ya mandhari ni moja, na hukumu ya mchezo unaochezwa juu yake ni nyingine. Michezo mingi ya vita ya mezani huendeshwa kwa kurusha dadu, na Muslim amepokea hadithi yenye karipio kali juu ya mchezo wa nardi, ambao ni wa dadu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni uharamu wake hata pasipo na fedha, na pakiingia fedha ni kamari bila ya shaka.

4. Ubao usiwekwe upande wa kibla mahali pa kusalia. Mtume (s.a.w.) alimtaka Bibi Aisha aliondoe pazia lenye picha kwa kuwa lilikuwa likimkabili katika sala. Na hata kisichokuwa na roho, kikiushughulisha moyo wa mwenye kusali, kinapaswa kuondolewa mbele yake.

5. Mfano wa Kaaba tukufu una mazungumzo yake. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioukataza kwa kuchelea watu wasije wakautukuza, na wapo walioruhusu kwa ajili ya kuwafunza mahujaji. Anayeutumia kwa mafunzo na abainishe wazi kuwa huko ni kufundishwa tu, hakuna tawafu wala thawabu za tawafu, kisha auweke kando.

6. Wakati na mali vichungwe. Afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo katika Bukhari. Burudani iliyo halali hugeuka kuwa hasara inapomchelewesha mtu na sala ya Alfajiri, au inapokula fedha za matumizi ya watu wa nyumbani.

HITIMISHO

Yaliyobainika ni kwamba kuunda milima, miti, mawe na majengo madogo ni jambo la halali kwa kauli ya jamhuri, kwa nassi ya Ibn Abbas (r.a.) na kwa mwenendo wa umma huu. Kinachokatazwa ni kile kinachoongezwa juu yake: viumbe, alama za ushirikina, kamari, israfu na kupuuza faradhi.

Kwa hiyo, mzazi aliyeukuta mlima juu ya meza ya mwanawe asiharakishe kuuvunja. Na autazame. Ukiwa na makosa, ayaondoe makosa na auache mlima. Kisha amuulize mwanawe kama anaweza kumjengea Uhud. Na maimamu na walimu wa madrasa wanaopata kijana mwenye mikono ya namna hii wasimpoteze kwa neno moja la haramu lisilokuwa na dalili, kwani huenda ubao wake mmoja ukawafunza watoto wa mtaa mzima yale ambayo hotuba nyingi hazikuwafikishia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuitazama ardhi Yake wakazingatia, na wenye kusikiliza maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Wallahu a'alam.